Nimezaliwa Nayo

Jumatatu, 30 Machi

Mwalimu Ahmada katuamrisha kila mmoja awe na daftari, na kila siku aandike alichokosea. Mimi sina nilichokosea. Kwa hivyo nitaandika walivyokosea wenzangu, na naona daftari moja halitatosha.

Jina langu Mansour, wa Mkunazini, miaka kumi na tisa. Skuli niliiacha kidato cha pili kwa hiari yangu, na skuli nayo haikunililia. Darasa letu liko Vuga, ghorofa ya juu, ngazi za mbao zinaguna kila ukikanyaga. Tunafundishwa kuandika programu za kompyuta, bure, masika nzima. Mwisho kuna onyesho: kila wawili wataleta programu yao, kisha kila mtu peke yake ataambiwa aibadilishe kitu mbele ya watu. Atakayeweza ataendelea darasa la pili, na wanaomaliza la pili hutafutiwa kazi. Asiyeweza, mwalimu hakusema. Alitazama mlango tu.

Somo la leo lilikuwa kuiamrisha kompyuta iandike jina lako. Mwalimu hajamaliza kueleza, mimi nshaandika jina langu, la mama yangu na la paka wa jirani. Akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia, "Hii sikuisomea, mwalimu. Nimezaliwa nayo." Akasema, "Tutaona," kwa sauti ya mtu anayeonja mchuzi wa mwenzake.

Jumanne, 31 Machi

Mvua. Leo pia nilikuwa wa kwanza.

Alkhamisi, 2 Aprili

Balaa. Kompyuta ni chache kuliko watu, kwa hivyo tunakaa wawili wawili. Mmoja anaandika, mwenzake anamwambia la kuandika, kisha wanabadilishana. Mimi nimepewa Ulfat. Huyu anatoka Mkokotoni, mbali huko kaskazini ya kisiwa, watu wa asili ya Tumbatu, anaondoka kwao baada ya sala ya alfajiri, na anafika kabla yangu mimi ninayesikia adhana ya Vuga nikiwa kitandani. Anaandika kwa kidole kimoja, kama anamfinya chawa. Na kila mstari anauliza. Kwa nini hapa? Kwa nini si pale? Nikamwambia dada, andika tu, hizo kwa nini zitakuja baadaye.

"Zikija baadaye zitakukuta wewe," akasema, macho kwenye skrini. "Mimi nshazipokea."

Jibu lake nimelipata sasa hivi, zuri sana, lakini mwenyewe yuko Mkokotoni.

Nyuma ya darasa alikaa kaka yake, Muhiddin, mvuvi, kifua kama kabati. Kaja kuona dada yake kakalishwa na nani. Alinikazia macho mpaka nikajiona naandika kwa adabu.

Jumatatu, 6 Aprili

Muhiddin kaja tena. Somo lilipomzidi akasinzia, akakoroma, mwalimu akamfunika koti lake. Alipoamka aliaga, akasema hatorudi. Naona nimefaulu mtihani wa kaka.

Alkhamisi, 9 Aprili

Nimemwendea mwalimu faragha nikamwomba anibadilishie mwenza. Nikamweleza kwa upole kuwa watu hawafanani, wengine wamepewa, wengine hawakupewa, si kosa lao, na Ulfat ni mtu mzuri na anasali sala zote. Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho, anafuta ubao.

"Kama ni kitu cha kuzaliwa," akasema, "basi huwezi kuambukizwa. Kaa naye."

Jumatatu, 13 Aprili

Tumefika kwenye lupu. Lupu ni kuiamrisha kompyuta irudie jambo mpaka uiambie basi. Usipoiambia basi, haina haya, itarudia mpaka kiama. Ulfat leo kakosea mpaka nikachoka kumhesabia, na kila kosa kaliandika kwenye daftari lake na sababu yake. Mimi nimekosea mara mbili, lakini ni kwa sababu ya kibodi.

Ijumaa, 17 Aprili

Mvua haikatiki. Bati la jikoni kwetu linavuja mahala papya. Mama kaweka sufuria.

Jumatatu, 20 Aprili

Leo tumechagua programu ya onyesho. Nimechagua mimi: bao. Kompyuta icheze bao na mtu. Mjomba wangu Simai, fundi cherehani wa Sokomuhogo, ana bao lake kwenye baraza nje ya duka, na hapo kijana wa umri wangu anayenifunga hajapatikana. Wao wanapiga hesabu, mimi natia mkono tu. Bao pia nimezaliwa nalo, kama ilivyo programu.

Ulfat hajui bao. Nikaona afadhali, huku hatakuwa na la kuuliza.

Jumatano, 22 Aprili

Alikuwa na la kuuliza. Nimeleta bao darasani nimfundishe, nikaanza kusambaza kete. Akaniuliza nimejuaje nianzie shimo lile. Nikamwambia mkono unajua.

"Kompyuta haina mkono," akasema.

Nikarudia polepole. Akauliza tena. Nikarudia. Ajabu, nikienda polepole mkono wenyewe unapotea, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwao akaanza kufikiri kushoto au kulia.

Ijumaa, 24 Aprili

Leo kauliza juu ya nyumba. Nyumba ni lile shimo kubwa unaloweka kete nyingi. Ukila kete za mwenzako, na kete yako ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako, una hiari: ulale hapo nyumba ibaki, au uzichukue kete zote usafiri nazo. Ulfat anataka kujua mtu huamuaje. Nikacheka. Mimi tangu nimeanza kucheza sijawahi kulala. Nyumba ni ya kusafiri nayo, anayelala ni mzee au mgonjwa.

Kaandika hilo pia.

Ijumaa, 1 Mei

Sikukuu. Mvua. Masufuria jikoni sasa ni matatu, mama anapikia la nne.

Jumanne, 5 Mei

Lupu ndani ya lupu. Kete inazunguka mashimo, na ndani ya mzunguko kuna mzunguko mwengine. Nimeikazia macho skrini kutwa. Mwalimu alipopita nikajifanya nakuna sikio.

Jumatano, 6 Mei

Ulfat kaja na kunde kwenye mfuko wa plastiki. Kazipanga mezani, kazisogeza moja moja, anasema kwa sauti kila hatua, anakosea, anarudisha zote, anaanza upya. Wenzetu wakacheka, nami nikacheka kidogo ili wasinione niko naye. Kabla ya adhuhuri ile lupu ilikuwa inafanya kazi.

Nikamwambia ndiyo kwanza nilikuwa naifikia. Akasema, "Naam, nimeona," na akaniachia kunde moja mbele yangu.

Jumatatu, 11 Mei

Leo nimetanabahi Ulfat anaandika kwa vidole vinne. Sijui vilianza lini. Na mimi ndiye ninayekaa ubavuni mwake kila siku.

Jumamosi, 16 Mei

Jumamosi darasa huwa wazi kwa anayetaka kujizoeza. Nimekwenda peke yangu. Mwalimu kasema Jumatatu Mjomba Simai aje ajaribu programu yetu, na mimi sikutaka mjomba aone kazi imejaa masharti na mistari mirefu ya Ulfat: kama hivi, basi vile, la sivyo hivi. Nikafuta sehemu yake yote, nikaiandika upya kwa mkao mmoja. Nusu ya urefu wake. Nikahifadhi, nikashuka ngazi napiga mluzi.

Jumatatu, 18 Mei

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia.

Mjomba Simai kaja na kofia yake ya Ijumaa, ingawa ni Jumatatu. Darasa zima likasimama nyuma yake. Mwalimu akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Mjomba alicheza, kompyuta ikacheza, watu wakaguna kwa kupendezwa, na mimi nikajiona mrefu. Kisha kompyuta ikala, kete ya mwisho ikaangukia nyumbani, ikazoa nyumba nzima ikasafiri nayo. Mjomba akatabasamu. Hilo tabasamu nalijua. Hakuchukua muda akaifagia.

"Hii kompyuta ni mpwa wangu hasa," akasema. "Inakimbia mpaka inakufa. Haijui kulala."

Watu wakacheka, na hapo ningesalimika, kicheko hakiui. Lakini alianza mchezo wa pili, na katika kusambaza, kete zikazunguka, zikazunguka, zikazunguka. Skrini ikaganda. Nilikuwa sikuiambia basi. Kosa la siku ya kwanza ya lupu, lile nililowacheka wenzangu.

Mjomba akauliza kwani ile hiari ya kulala nyumbani hatukuitia? Ni sheria hata watoto wanaijua.

Ulfat akasema kwa sauti ndogo, "Niliitia." Akakaa kwenye kompyuta, akatafuta juu, akatafuta chini. Mimi nilikuwa nyuma yake, na nilijua hatoikuta, na mdomo wangu, huu usiofungika, haukufunguka. Alipofika mwisho wa mistari akaelewa. Hakunigeukia. Alizima skrini, akajifunga vizuri mtandio, akamwambia mwalimu kuwa mvua inakuja na kwao mbali.

Mjomba akaniangalia, hatabasamu tena. Kama angenitukana ningemshukuru.

Jumanne, 19 Mei

Ulfat hakuja.

Jumatano, 20 Mei

Hakuja. Kiti chake kitupu nacho ni kama kinauliza maswali.

Alkhamisi, 21 Mei

Na mimi sikwenda. Nimelala mpaka jua limepanda, ingawa jua lenyewe halikuonekana. Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia basi, siendi tena Vuga, hii kazi ina watu wake waliozaliwa nayo, na mimi nimegundua si mmoja wao, bora kujua mapema. Nilisema vizuri, kiume.

Mama hakuacha mchele. Akaniuliza, "Na bao, ulizaliwa nalo?"

Nikamwambia hilo ndiyo.

Mama yangu, Bi Shadya, si mtu wa kucheka ovyo. Leo alicheka mpaka akaweka sinia chini. Akanieleza mambo ambayo wallahi siyakumbuki. Kwamba nilianza kucheza na Mjomba Simai kabla sijang'oka jino, na kila siku narudi nalia. Kwamba siku moja nilizimwaga kete zote kwenye mtaro kwa hasira, yeye akaziokota kwa chujio la nazi. Kwamba Ramadhani moja nilifungwa kila jioni mpaka Idd, na asubuhi ya Idd, na nguo mpya, nikaenda kufungwa tena.

"Hukumbuki," akasema, "kwa sababu aliyekuwa akifuta makamasi ni mimi."

Nikatoka nikakaa barazani. Mvua ilinikuta hapo, sikuingia ndani.

Jumamosi, 23 Mei

Nimekwenda Mkokotoni. Mtu haendi kwa watu kumuulizia binti yao, kwa hivyo nilimtafuta Muhiddin. Nilimkuta anashona nyavu ukumbini kwao, nje mvua. Nikamwambia, "Kaka Muhiddin, nimemkosea dada yako, nimekuja kumtaka radhi mbele yako." Akaniuliza nimemkosea vipi, na ile sindano ya nyavu, ndefu, haikuwa inapendeza mkononi mwake. Nikaeleza: nimefuta kazi yake ya mwezi mzima, nikanyamaza mbele za watu. Akafikiri. Akaniuliza kama ni kitu kama kukata nyavu za mwenzio. Nikamwambia ndicho hicho.

Akasogea nikae. Tukakaa. Akaendelea kushona, mpaka mama yao akaniletea chai na samaki wa kukaanga, ndipo nikajua sitopigwa.

Ulfat akaja akasimama mlangoni. Nikasema niliyokuja nayo. Nilikuwa nimeyatunga njiani kwa madaha, yakatoka yamekatikakatika.

"Hukufuta mistari tu," akasema. "Kila mstari pale nilikosea kwanza. Ulifuta na nilivyohangaika."

Nikamwambia najua. Nikamwambia sijui, ila nataka kujua. Nikamuuliza kama anaweza kuiandika tena, kwa sababu mimi siwezi. Hilo neno siwezi nilikuwa sijawahi kulisema kwa mtu asiye wa nyumbani.

Akasema, "Naweza. Niliikosea mara nyingi mno, siwezi kuisahau." Akaingia ndani, na kutoka ndani akaongeza kuwa Jumatatu mimi ndiye niandike, yeye atasema. Na nisikimbie.

Muhiddin akanipa samaki wengine nimpelekee mama yangu. Na sindano akaiweka chini.

Jumatatu, 25 Mei

Nimeandika, yeye kasema. Sikukimbia. Nimeuliza kwa nini mara sita. Mara ya sita alitaka kucheka, akajizuia, nikaona.

Jumatano, 27 Mei

Idd. Mama katenga sahani ya pilau akasema ya Mkokotoni. Nikamkumbusha Mkokotoni si mtaa wa pili. Kaila Mjomba Simai.

Jumanne, 2 Juni

Leo nimekosea. Naandika kama alivyoamrisha mwalimu: niliiambia kompyuta izoe kete za shimo kabla ya kuziangalia ni ngapi, ikazoa shimo tupu, ikashangaa. Sababu: haraka. Kosa la pili: lile lile. Sababu: ile ile.

Alkhamisi, 4 Juni

Mvua ya asubuhi, fupi, kama imepita kuaga. Kompyuta sasa ikifika nyumbani inasimama, inafikiri, mara inalala, mara inasafiri. Niliiangalia ilivyolala mara ya kwanza, nikaona raha isiyo na sababu. Ulfat kasema inapendeza, imekuwa na adabu. Nikamuuliza kama anaisema kompyuta. Akanisogezea kibodi.

Ni ajabu. Nilidhani yeye ni mzito. Kumbe alikuwa anakanyaga kila ngazi, na mimi naruka tatu tatu, nikifika juu sijui nimepitaje, na kushuka ndiyo siwezi kabisa.

Jumatano, 10 Juni

Onyesho.

Wageni walikuwa wengi, viti vikakopwa duka la chini. Mama alikuja. Muhiddin alikuja na kanzu, akakaa mbele kabisa, akiapa hatosinzia. Mjomba Simai alicheza na kompyuta yetu mchezo mrefu, kofia kaivua, jasho. Alishinda, lakini kwa kete chache, na alipoinuka alisema mchezo wa pili utabidi anywe kahawa kwanza. Kwa mjomba hiyo ni nishani.

Kisha mwalimu akasema programu imefaulu, sasa zamu ya watu. Akaanza na Ulfat: abadilishe mpango wa kete za mwanzo, kila shimo lianze na mbili. Ulfat alikosea mara moja, akausoma mstari wake, akasema "aa", akaurekebisha. Vidole vyote kumi. Muhiddin alipiga makofi kabla ya wakati.

Nikaitwa mimi. Programu ihesabu mchezaji amelala nyumbani mara ngapi. Jambo dogo. Nikaandika. Nikaijaribu: ikasema moja. Tukacheza zaidi, mchezaji akalala mara nyingine, ikasema moja. Mara ya tatu, moja. Nilibadilisha hiki, nikabadilisha kile, mikono inakimbia, kichwa kimebaki nyuma. Mwalimu akanipa muda, akaniongeza, kisha akaweka mkono begani mwangu na nikajua.

Akaniambia pembeni, si mbele ya watu. Ulfat anaendelea darasa la pili. Mimi, kama nataka, nirudie hili la kwanza. Akasema wengi huambiwa hivyo na hawarudi, na hatonilaumu.

Nilishuka ngazi. Ngazi ya tatu nikaliona kosa langu, limesimama wazi kama mbuzi barabarani: niliiambia ianze kuhesabu kutoka sifuri, na nimeliweka neno hilo ndani ya lupu. Kwa hivyo kila mzunguko inasahau yote, inaanza upya. Nikasimama pale pale. Nikacheka peke yangu, na nadhani nililia kidogo.

Ulfat alinikuta hapo, kaka yake nyuma yake. Muhiddin, Mungu ampe kheri, akakumbuka ghafla kuwa kasahau kumuaga mwalimu, akarudi juu.

Nikamweleza kosa. Akalisikiliza lote, akaitikia kwa kichwa kuwa ndilo. Hakuniambia pole. Akasema, "Darasa langu litakuwa chumba cha pili kulia. Ukikwama, njoo ubishe hodi."

"Na nisipokwama?"

Akajifunga vizuri mtandio, ambao ulikuwa umeshafungwa vizuri.

"Bisha vile vile," akasema.

Jumatatu, 15 Juni

Kumekauka. Upepo wa kusi umeanza, masufuria yamerudi kazini kwake. Mama kanipigia pasi shati bila ya kuniuliza nakwenda wapi.

Darasa jipya, sura mpya, wote wanaziangalia kompyuta kama zitawauma. Mwalimu kauliza nani kashawahi kuandika programu. Nikanyanyua mkono. Akauliza iliishaje. Nikamwambia, "Nilifeli, mwalimu, na nilifeli mbele ya watu wengi kuliko yeyote humu." Wakacheka, na mabega yao yakashuka kidogo.

Wenzangu walipokuwa wanaandika majina yao, mimi niliandika ile ya kuhesabu, kutoka mwanzo, ngazi moja moja. Ikanipa kosa mstari wa nne. Nikaurekebisha. Ikanipa kosa mstari wa tisa. Nikausoma kwa sauti, nikajiuliza kwa nini, nikajijibu. Nikaijaribu: moja. Nikaijaribu tena: mbili. Tatu.

Wakati wa mapumziko nikanyanyuka, sina nililokwama, nikaenda chumba cha pili kulia, nikabisha hodi.